Jumamosi Mbili

Mwaka wa 1983 ensaiklopidia ya wilaya ya Isiolo ilikuwa imeanikwa kama nguo. Kila ukurasa ulipigwa taipu katikati ya karatasi, ukaachiwa pambizo pana kila upande, kisha ukaning'inizwa kwa kibanio kwenye kamba iliyovuka chumba cha elimu ya watu wazima, nyuma ya soko. Penseli zilifungwa kwa uzi karibu na mlango. Aliyeona kosa aliandika pambizoni ni nini kisicho kweli, na yeye amejuaje. Asiyejua kuandika alimtafuta wa kumwandikia. Jina refu la kazi hiyo lilibaki kwenye barua. Watu wenyewe waliiita Kamba. Ungesikia sokoni mtu akimtishia mwenzake, "Endelea hivyo, nitakupeleka Kambani."

Mhakiki mkuu alikuwa Umulkheir Jaldesa, mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari ya mjini. Wazo la kamba halikuwa lake, lakini kanuni zilikuwa zake. Jina la mahali liliandikwa kwa herufi za Kiswahili kama wakazi wanavyoliita, na sura zake nyingine zikatajwa mara moja tu, chini. Jina la mtaa wa Chechelesi lilikuwa limefika kwa sura nne tofauti, na mtu mmoja akaongeza pambizoni kwamba barua za ofisini zina sura ya tano. Umulkheir alilimaliza jambo hilo asubuhi moja. Kanuni nyingine ilihusu ushahidi: habari ilihitaji mashahidi wawili kutoka jamii mbili. Na ya mwisho, ambayo watu waliipenda mpaka ilipowagusa, ilikuwa kwamba hakuna mtu aliyeruhusiwa kuamua ukurasa unaohusu ukoo wake.

Ndiyo maana ukurasa wa kisima cha njia ya Burat haukuwa mikononi mwake.

Kisima hicho kiko mwendo mfupi kutoka nyumba za mwisho za Chechelesi. Mwaka huo kilikuwa kimepata pampu, na mafundi walikuwa wakijenga tangi. Tangi lilihitaji jina. Madiwani hawakutaka kuulizwa na yeyote kwa nini wamechagua jina hili wakaacha lile, basi wakaamua kwamba litachorwa jina litakalotajwa na Kamba siku ukurasa utakapoamuliwa na kushushwa. Desturi ya Waborana kuhusu visima inajulikana na kila mfugaji wa upande huu: kisima huitwa kwa jina la aliyekianza, hata kama baadaye kilifukiwa na kuchimbwa tena na wengine kumi. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu. Nani alikianza?

Waliodai walikuwa wawili. Wa kwanza ni Sahro, mwanamke Msomali wa umri wa miaka kama sabini, mjane wa Shuriye Robow. Shuriye alipigana vita vya kwanza vya Mjerumani, akapewa ruhusa ya kukaa Isiolo, akageuka msafirishaji. Alifia safarini, akazikwa kando ya njia ya Wajir mahali ambapo hakuna aliyeweza kupaonyesha tena. Sahro alikuwa ameshakwenda mara mbili kutafuta kaburi na mara mbili amerudi bure. Alitaka jina la mumewe liandikwe mahali ambapo angeweza kulifikia kwa miguu. Alilisema hilo kwa kila aliyemuuliza, bila aibu.

Wa pili ni Umuro, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye alisema kisima kilianzwa na baba yake, Galgalo. Umuro alikuwa baba mdogo wa Umulkheir. Galgalo alikuwa babu yake.

Pambizoni pande zote mbili, kila upande na shahidi wa jamii nyingine, walikuwa wameandikisha tarehe ileile: mwaka wa Jumamosi.

Ukurasa alipewa Mutembei, Mmeru, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, kwa sababu hakuwa na ng'ombe, ngamia wala shemeji katika jambo hilo. Siku moja baada ya masomo aliweka kalenda ya kudumu juu ya meza ya Umulkheir, uso umemchangamka.

"Mwalimu, mwaka wa Jumamosi nimeupata. Ni 1938."

"Umeupataje?"

"Nimetafuta mwaka ambao tarehe moja Januari ilikuwa Jumamosi. 1927 ni mapema mno, Shuriye alikuwa hajaoa. 1944 ni katikati ya vita. Imebaki 1938. Sasa kama wote wawili wanasema mwaka ni huo mmoja, basi mmoja wao ni mwongo. Kazi iliyobaki ni kujua yupi."

Umulkheir alizipitia hesabu zake. Hazikuwa na dosari. Dosari ilikuwa kabla ya hesabu.

"Mwaka wa wafugaji hauanzi Januari," alisema. "Una mwaka mpya wake, na jina la mwaka ni siku ambayo mwaka mpya umeangukia. Tena hauna Februari ya siku ishirini na tisa. Kila mwaka ni siku mia tatu sitini na tano, basi jina linasogea siku moja, haliruki. Leo Jumamosi, mwakani Jumapili, mwaka unaofuata Jumatatu. Waborana wanahesabu hivyo, na Wasomali hivyohivyo."

"Kwa hivyo Jumamosi inarudi kila baada ya miaka saba?"

"Saba kamili. 1946 naijua, ndio mwaka niliozaliwa, na mama alikuwa akiniita wa Jumamosi. Rudi nyuma: 1939. Rudi tena: 1932."

Mutembei alikunja kalenda polepole. "Na hakuna mtu aliyeniambia."

"Hakuna aliyejua kwamba hujui."

"Sisi kule kwetu Jumamosi ni siku ya kwenda soko, basi." Alifikiri kidogo. "Kumbe wanaweza kuwa hawasemi mwaka mmoja."

"Wanaweza."

"Na wanaitana waongo tangu mwezi wa pili."

Kanuni ilimkataza Umulkheir kuamua. Haikumkataza kuuliza, mradi Mutembei awepo na aandike yeye. Haikupita wiki, Umuro akaingia mwenyewe, fimbo kwapani, akaenda moja kwa moja mpaka ulipokuwa ukurasa wa kisima na kuutikisa kwa kidole.

"Salaam aleikum. Intala, binti yangu, hii karatasi bado inaning'inia. Mnangoja ikauke?"

"Aleikum salaam, abera, baba mdogo. Si yangu kuishusha. Ni ya Mutembei."

"Mutembei ni Mmeru. Anajua nini na kisima yetu?"

"Ndiyo sababu amepewa."

"Ninasikia, mzee," Mutembei alisema kutoka kwenye taipureta.

"Sikia. Kwani nimenong'ona?" Umuro alivuta kiti akakaa, amefurahi kwamba amejibiwa.

Umulkheir alimuuliza swali alilowauliza watu wote kuhusu miaka yenye majina ya siku: mwaka ule dunia ilikuwa na habari gani?

"Habari ya Mtaliano. Ameshakula Abisinia, watu wanakimbia na mifugo, wanajaa kila mahali penye maji. Ndiyo baba akasema, sisi tuchimbe yetu. Lakini vita yenyewe ilikuwa bado kufika Moyale."

"Una hakika na hilo la Moyale?"

"Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Tulikuwa tunaulizana Mtaliano anakula nini. Unaweza kusahau kitu kama hiyo?"

Mutembei aliandika pambizoni, akamsomea. Umuro aliomba penseli na kuweka jina lake chini, herufi moja baada ya nyingine, ile R ikiwa na mguu mrefu kama kawaida yake. Umulkheir mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuandika, katika chumba hichohicho, na ule mguu wa R Umuro alikuwa ameshindwa kuufupisha. Umuro aliondoka ameridhika. Hakujua kwamba amejiweka mwaka wa 1939, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu upande wa pili ulikuwa bado haujaulizwa.

Walikwenda Chechelesi siku ya pili. Nyumba ya Sahro ilikuwa ya mabati, ua umefagiliwa, na Fosia, bintiye aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, alikuwa amefunga duka mapema ili awepo.

"Mjukuu wa Galgalo amekuja kuniuliza habari ya kisima," Sahro alisema walipomaliza kusalimiana. "Fosia, lete chai. Tumpe nguvu ya kutunyang'anya."

"Mama!"

"Nini? Si anacheka?"

Umulkheir hakuwa akicheka, lakini alipokea chai. "Anayeandika ni Mutembei, Mama Fosia. Anayeamua ni yeye. Mimi nauliza tu."

"Uliza."

Mwaka ule wa Jumamosi, Sahro alisema, nzige walikuwa wamepita na kula mpaka majani ya paa. Ng'ombe wengi walikufa. Shuriye alikuwa na pesa ya mwisho ya jeshi, akaitoa yote kwa wachimbaji. Yeye Sahro aliwapikia, Gedi mwanawe wa kwanza akiwa mgongoni, bado ananyonya.

"Na Mtaliano?"

"Mtaliano gani? Mtaliano alikuja baadaye. Mtaliano akija, Gedi alikuwa anapanda ngamia peke yake, anaenda hiyo kisima kunywesha."

Mutembei aliacha kuandika, akahesabu kwa midomo. Mtoto anayenyonya na mtoto anayepanda ngamia peke yake hawawezi kuwa wa mwaka mmoja. Alimtazama Umulkheir, naye akaitikia kwa kichwa. Fosia aliwaona.

"Kwa hivyo baba alikuwa wa kwanza?"

"Kabla ya Galgalo," Mutembei alisema. "Kwa miaka saba. Wote wawili wamesema kweli, Jumamosi zenyewe ndizo mbili. Galgalo lazima alikikuta kimebomoka."

Sahro alilivuta shela lake mbele, akalikaza, kama mtu anayejiandaa kutoka. Kisha akamwambia Fosia aongeze sukari katika chai ya mwalimu.

Kazi ingeweza kuishia hapo. Lakini kila ukurasa wa kisima ulikuwa na mistari ya mwisho kuhusu udongo na kina, na Umulkheir hakuwa na tabia ya kuacha mistari mitupu. Aliuliza wachimbaji walikutana na udongo wa namna gani.

"Laini!" Sahro alijibu, sasa amefurahi, mikono ikichimba hewani. "Kila mahali hapa ni mawe, lakini pale udongo laini, mwekundu, unatoka kama unga. Wachimbaji wanasema Mungu amemlainishia Shuriye. Wakaenda chini, chini, mpaka urefu wa wanaume wawili. Hapo wakatoa okole. Ile ndoo ya Waborana, ya ngozi ya twiga. Imeoza, lakini mti wa kushikia bado iko. Shuriye akacheka sana. Akasema, ardhi imetuletea ndoo kabla ya maji!"

Fosia alicheka pia; ilikuwa hadithi ya nyumbani, ameisikia tangu utotoni. Mutembei aliandika "udongo mwekundu, laini" na kugeuza karatasi.

Umulkheir alishika kikombe bila kunywa. Ulipita muda wa funda moja, ambapo angeweza kuuliza kina cha maji na kuaga. Alijua yatakayofuata akinyamaza: Sahro atapata jina, Umuro atakasirika kisha atazoea, na ukurasa utakuwa na kosa ambalo yeye peke yake analijua. Alijua pia yatakayofuata akisema: babu yake hatapata chochote, mji utaamini kwamba amempatia, na mwanamke huyu atanyimwa. Aliyapima kwa mpangilio huo. Kisha akauliza.

"Mama Fosia, juu ya hiyo ndoo kulikuwa na nini?"

"Udongo tu. Si nimesema? Wanaume wawili, mmoja juu ya mwingine."

"Na udongo wa kando ya shimo?"

"Mawe." Sahro alishusha mikono. Hakuwa mjinga. "Unataka kusema nini?"

"Nitakuambia sasa, usije ukasikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Ndoo haiwezi kuwa chini ya udongo wa urefu ule isipokuwa pale palikuwa na shimo. Udongo ulikuwa laini kwa sababu ulikuwa umeshachimbwa, ukafukiwa. Shuriye alimtangulia Galgalo. Lakini kuna mtu alimtangulia Shuriye."

Mutembei aligeuza karatasi nyuma.

"Nani?" Sahro aliuliza.

"Hajulikani."

"Ana jina?"

"Alikuwa nalo. Hatulijui."

"Ana mjane? Mjane wake amekuja huko Kambani?"

"Hapana."

"Basi unampa mtu hayuko, unamnyima mtu alikuwa."

"Simpi mtu. Panabaki wazi."

"Umeniuliza vizuri, nikakujibu vizuri, sasa unanichinja na jibu yangu." Sahro alisema bila kupaza sauti. "Ningejua, ningesema hakuna ndoo."

"Najua," Umulkheir alisema. Aliweka kikombe chini, akashukuru kwa chai. Fosia aliwafungulia mlango, hakuwaaga.

Njiani, walipoanza kuona paa za soko, Mutembei alisema.

"Ungeweza kuninyamazia. Mimi sikusikia."

"Ulisikia."

"Nilisikia ndoo. Sikusikia kisima." Alipiga jiwe teke. "Na sasa niandike mimi, wewe ukae pembeni na mikono safi."

"Unaweza kukataa ushahidi. Uamuzi ni wako kweli."

"Nitaukataaje? Nimeshausikia."

Aliandika yeye, kwa taipureta, akafuta na kurudia mara nyingi kuliko kawaida yake. Ukurasa ulioshuka ulisema: *Aliyekianza kisima hiki hajulikani. Kilikuwa kimefukiwa kabla ya 1932, mwaka wa Jumamosi, ambapo Shuriye Robow alikichimba upya mpaka maji. Galgalo alikichimba tena kilipobomoka, mwaka wa Jumamosi uliofuata, 1939.* Nakala moja ilikwenda kwa madiwani, nyingine ikarudi kambani, maana hakuna ukurasa uliokuwa umekwisha kabisa.

Mji ulisema kama Umulkheir alivyotarajia. Chechelesi walisema mjukuu wa Galgalo ameiba kisima kwa ujanja wa ndoo. Umuro alikuja kusema kwamba okole ni chombo cha Waborana, basi aliyekianza ni Mborana, na Mborana wa karibu zaidi ni Galgalo. Mutembei akamuuliza: Galgalo alikuwa akifanya nini chini ya shimo kabla ya kulichimba? Umuro alitoka bila kuaga.

Madiwani waliposoma "hajulikani" waliwaambia mafundi wasichore kitu. Tangi lilibaki jeupe. Lakini fundi mwashi aliyelipiga lipu, jina lake Rimberia, alikuwa ameandika jina lake na mwaka kwenye saruji mbichi karibu na bomba, kama mafundi wafanyavyo, na hilo ndilo neno pekee lililokuwa pale. Kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza watu walikuwa wakiambiana tukutane kwa Rimberia. Mwaka uliofuata kanuni ya majina ilimlazimu Umulkheir: jina la mahali huandikwa kama wakazi wanavyoliita. Jina halikuwa hukumu juu ya mtu yeyote, wala halikuhitaji kuamuliwa. Aliongeza mstari juu ya ukurasa: *Kwa Rimberia.*

Siku ya soko iliyofuata Sahro aliingia chumbani kwa mara ya kwanza, Fosia nyuma yake.

"Nimesikia umempa fundi," alisema.

"Watu ndio wamempa, Mama Fosia. Mimi nimeandika."

"Aliyeanza humjui. Aliyetoa maji umemnyima. Aliyepaka simiti ameshinda."

"Ndivyo ilivyo."

Sahro alimtazama, labda akitafuta kama anadhihakiwa. Hakuona dhihaka. "Shuriye yuko wapi hapo?"

Fosia alimshika mkono akamwonyesha mstari, akamsomea. Sahro aliuliza jina linaanzia wapi na linaishia wapi, akaligusa kwa ukucha mwanzo na mwisho. Akaomba asomewe tena. Kisha akaenda zake.

Alirudi soko lililofuata, na lililofuata hilo. Hakuwa akizungumza na Umulkheir. Alimkamata yeyote aliyekuwepo, mwanafunzi, mchuuzi, askari kanzu aliyekuja kutazama kurasa, akamwambia asome pale. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, midomo ikifuatisha, maana alikuwa ameshayahifadhi maneno yote. Yalipokwisha sawasawa aliondoka.

Siku moja mwaka wa 1985 msomaji alikuwa Mutembei. "...ambapo Shuriye Robow alisaidia kukichimba upya..."

"Hapana," Sahro alisema. "Hakuna kusaidia."

"Imeandikwa hivyo, mama."

"Haijaandikwa hivyo. *Alikichimba upya mpaka maji.* Soma vizuri."

Mutembei alisogeza uso karibu na karatasi, kisha akamwita Umulkheir. Neno "alikichimba" lilikuwa limekatwa kwa penseli, na juu yake pakaandikwa "alisaidia kukichimba". Pambizoni hapakuwa na kitu: hapakuwa na sababu wala shahidi. Lakini Galgalo, mstari wa chini, alikuwa ameongezewa neno moja, "kwanza", na R ya neno "Robow", ambayo mwandishi aliigandamiza upya baada ya kuichafua kwa kiganja, ilikuwa na mguu mrefu.

Umulkheir aliitazama ile R. Hakumtaja mtu. Alichukua ufutio akaondoa penseli yote, mstari wa juu na wa chini, akaandika pambizoni: *Hakuna ushahidi uliotolewa. Maneno ya awali yamerudishwa.* Akatia tarehe na jina lake kamili, pamoja na jina la babu.

"Si umekatazwa ukurasa huu?" Mutembei aliuliza.

"Nimekatazwa kuamua. Huku ni kurudisha ulichoamua wewe."

Sahro alikuwa bado amesimama, mkono juu ya fimbo. "Soma," alimwambia Umulkheir. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia yeye.

Umulkheir alisoma kuanzia juu, Kwa Rimberia, mpaka mwisho. Sahro alifuatisha neno kwa neno.

"Sasa ni sawa. Nitakuja tena wiki ijayo. Nyinyi siwaamini."

"Njoo," Umulkheir alisema, akamsogezea kiti mpaka chini ya ule ukurasa, na kiti kikabaki hapo.